Duka la jirani linauawa na madeni yetu

KATIKA miji midogo ya barabarani kama Chalinze, duka halifungwi kwa siku moja. Kwanza huadimika mchele, kisha mafuta ya kupima, kisha sukari. Baada ya hapo rafu hubakia na viberiti, chumvi na majani ya chai. Mwenye duka huendelea kufungua mlango kila alfajiri kama kawaida yake, lakini kila anayekuja hupata jibu moja tu: "Imeisha, labda kesho." Siku mlango usipofunguliwa, watu husema fulani kafilisika, halafu kila mmoja hutafuta sababu. Wapo wasemao ni ushindani. Wapo wasemao ni kodi. Na wapo, Allah atusamehe, wasemao karogwa.

Mtaani kwetu lipo duka la namna hiyo hivi sasa. Ni duka la familia. Mzee aliyelianzisha ametangulia mbele ya haki, na leo linaendeshwa na mjane wake pamoja na watoto. Sitalitaja jina kwa sababu makala hii haikuandikwa kumwaibisha mtu wala kumwombea mtu mchango. Nimelichukua kama somo, kwa kuwa naamini msomaji wa Lugoba, wa Miono, wa Bagamoyo au wa Mbagala analo duka kama hilo karibu na kwake.

Kwa muda sasa wana mtaa wamekuwa wakizungumza, barazani na baada ya swala, namna ya kulinusuru duka hilo. Wengine wanapendekeza tupitishe kapu. Wengine wanasema tuwekeane ahadi kila mtu anunue pale pale. Nia zote hizi ni njema na Allah (s.w.) atawalipa wenye nazo. Lakini mimi, nikiwa mwalimu wa Maarifa ya Uislamu ambaye kila mwaka hufundisha mlango wa muamalat, naona tunataka kuanzia mwisho. Kabla ya kuuliza tumpe nini mama yule, tuulize anatudai nini.

Misukosuko ya njia panda

Tusiwe watu wa kuona sababu moja tu. Ni kweli kwamba biashara ya Chalinze imepata misukosuko. Mji huu ulikua kwa sababu ni njia panda. Hapa barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro na mikoa ya bara inaachana na ile iendayo Segera, Tanga, Moshi na Arusha. Basi likisimama, anayeuza mananasi ya Kiwangwa anapata, mama ntilie anapata, na jioni wote hao wanaingia duka la mtaani kununua unga na sukari. Kwa hiyo duka la ndani ya mtaa halikutegemea abiria moja kwa moja, lakini lilimtegemea yule anayemtegemea abiria.

Katika miaka ya 2010 barabara ya Bagamoyo hadi Msata ikawekwa lami. Ni neema kubwa kwa watu wa Bagamoyo na hatuna haki ya kuilalamikia. Lakini matokeo yake ni kwamba gari litokalo Dar es Salaam kwenda Tanga au Arusha linaweza kupita Bagamoyo na kutokea Msata bila kuiona Chalinze. Kisha mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na baadaye Dodoma. Stesheni zake za upande wetu ni kama Ruvu na Ngerengere, haikupita Chalinze mjini. Abiria aliyekuwa akinunua nanasi dirishani sasa yumo ndani ya behewa.

Yote hayo ni kweli. Lakini hebu tujiulize: mbona maduka mengine ya mtaa huo huo, yaliyopigwa na misukosuko hiyo hiyo, bado yana mchele? Yanalipa kodi ile ile, yanachukua mali kwa wauzaji wa jumla wale wale, na wateja wao ni sisi sisi. Tofauti iko wapi? Tofauti iko ndani ya daftari.

Hesabu ya daftari

Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu huona muamalat ni somo jepesi mpaka niwape hesabu. Basi nami niwape wasomaji hesabu moja, ya mfano.

Chukua duka lenye mtaji wa shilingi 3,000,000. Wapo jirani 40, na kila mmoja anadaiwa shilingi 30,000 tu. Si deni kubwa. Ni unga, mafuta, sabuni na sukari ya wiki mbili tatu. Lakini 30,000 mara 40 ni 1,200,000. Maana yake karibu nusu ya mtaji haimo dukani, imo matumboni mwetu. Sasa mwenye duka atazibaje pengo hilo kama hatukulipa? Tuseme anapata faida ya shilingi 10 katika kila shilingi 100 ya mauzo. Ili apate faida ya 1,200,000 inambidi auze bidhaa za shilingi milioni 12. Atauza nini, na rafu zenyewe ni tupu?

Hapo ndipo shetani anapomfungulia mlango mwingine. Muuzaji wa jumla hampi tena mali kauli kwa kuwa ya zamani hajalipa. Kodi ya fremu imefika. Anakwenda kwa wakopeshaji wa mitaani, wale ambao Watanzania wenyewe wameipa mikopo yao jina la "kausha damu", au anabonyeza simu. Jambo hili limekuwa kubwa kiasi kwamba Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za kukopesha kwa simu zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Tuseme anakopa 500,000 na kutakiwa arudishe 650,000 baada ya mwezi. Ile 150,000 ya ziada ni riba, na kwa faida ile ile ya 10 katika 100, lazima auze bidhaa za shilingi 1,500,000 kwa ajili ya riba peke yake.

Ndugu zangu, tunazijua aya za mwisho mwisho za Suratul Baqara, kuanzia ya 275, zinavyokemea riba. Tunapenda kuzisoma kwa ajili ya mabenki. Lakini ni nani aliyemsukuma mjane huyu kwenye riba? Benki haikumfuata. Aliyemsukuma ni jirani aliyekula unga wake, akapata fedha, akaacha kulipa.

Lipo na jambo la pili, ambalo hesabu ya ubaoni haikulionyesha. Mama mwenyewe ndiye aliyenifahamisha. Nilimuuliza kwa nini hawadai watu wake. Akanijibu: "Ustadhi, hiyo elfu thelathini ningeivumilia. Kinachoniua ni kwamba anayedaiwa haji tena. Akipata hela, anaona haya kupita kwangu, anakwenda kununua ng'ambo ya barabara."

Maneno haya yanastahili kutafakariwa. Deni lisilolipwa linachukua fedha, na linachukua pia mteja. Mtu anapokuwa hana kitu anakwenda kwa yule mama kukopa. Anapokuwa na noti mfukoni anakwenda kwa mwingine ambaye ukutani kwake pameandikwa "Mkopo kesho". Kwa hiyo duka lenye huruma linapata wateja wa mkopo, na duka lisilo na huruma linapata wateja wa fedha taslimu. Halafu tunashangaa kwa nini lile la kwanza linakufa, na tunaita hali hiyo ushindani!

"Tumechelewa tu"

Siku moja barazani mzee mmoja tunayemheshimu sana alinirudi. Alisema, "Mwalimu, usitutie dhambini. Hakuna aliyemdhulumu yule mama. Tumechelewa tu."

Nilimjibu kwa adabu, na hapa narudia kwa upana kidogo. Katika Uislamu, mwenye uwezo wa kulipa akichelewesha, kuchelewesha kwenyewe ndiyo dhulma. Hayo si maneno yangu. Ni mafundisho ya Mtume (s.a.w.) katika Hadithi aliyoisimulia Abu Huraira (r.a.) na kupokelewa na Bukhari na Muslim. Mtume hakusubiri mpaka mdaiwa akatae deni ndipo amwite dhalimu. Ametosheka na kule kuzungusha, hali ya kuwa uwezo upo.

Kukopa chenyewe si aibu wala si dhambi. Mtume wetu (s.a.w.) alifariki ngao yake ikiwa rehani kwa Myahudi mmoja, kwa deni la shayiri ya kula nyumbani, kama alivyosimulia Mama Aisha (r.a.) katika Bukhari. Zingatia mambo mawili hapo. Kwanza, kiongozi wa dola alikopa chakula, tena kwa mtu asiyekuwa wa dini yake. Pili, alipokopa aliweka dhamana ili haki ya mwenye mali isipotee. Hiyo ndiyo tofauti ya mkopaji na mlaji wa mali za watu. Na katika Hadithi nyingine, pia ya Bukhari, tumefundishwa kwamba achukuaye mali za watu akiwa na nia ya kulipa, Allah humsaidia kulipa, na achukuaye kwa nia ya kuziharibu, Allah humharibu yeye.

Na uzito wa deni tunaupata kwa Salama bin Al-Akwa'i (r.a.). Anasimulia kuwa lililetwa jeneza ili Mtume (s.a.w.) aliswalie, akauliza kama marehemu ana deni. Alipoambiwa ana dinari tatu, akawaambia maswahaba wamswalie wao ndugu yao. Hakuliswalia mpaka Abu Qatada (r.a.) alipojitokeza kulibeba deni lile. Dinari tatu! Leo sisi tunatoka dukani na deni, tunakwenda kusimama safu ya kwanza, na mwenye duka yupo nyuma yetu anatutazama mgongo.

Na mwenye duka anapodai, asionekane mkorofi. Aliwahi kuja mtu kwa Mtume (s.a.w.) akidai ngamia wake kwa maneno makali mpaka maswahaba wakataka kumwadhibu. Mtume akawazuia, akawafahamisha kwamba mwenye haki anayo nafasi ya kusema, kisha akaamuru alipwe ngamia bora kuliko wake. Ni tofauti kubwa na sisi, ambao mtoto wa dukani akitumwa kudai tunanuna wiki nzima.

Watu wa aina tatu

Hata hivyo, haki haiwi haki ikiwa haitenganishi kati ya watu. Majina yaliyomo katika daftari si ya watu wa aina moja.

Wa kwanza ni mwenye uwezo. Huyu ana mshahara, au ana bodaboda inayoingiza, au kauza ufuta msimu huu, au kabadilisha simu. Wajibu wake ni mmoja: alipe. Kama hawezi kulipa yote kwa mkupuo, aende mwenyewe dukani, aseme atalipa kiasi gani na siku gani, na atimize.

Wa pili ni mwenye dhiki ya kweli. Mgonjwa, mzee asiye na mtu, kijana aliyeachishwa kazi ya kokoto. Huyu aya ya 280 ya Suratul Baqara imempa haki ya kusubiriwa mpaka apate wepesi, na imemwambia mwenye kudai kwamba kusamehe ni bora zaidi. Lakini hapa tuwe makini. Mjane mwenye rafu tupu naye ana dhiki. Si uadilifu mtaa mzima kuutupa mzigo wa maskini wote juu ya duka moja, kisha tukamwambia mama asamehe apate thawabu. Wajibu wa maskini ni wetu sote. Ndiyo maana aya ya 60 ya Suratut Tawba imewataja wenye madeni miongoni mwa watu wanane wanaostahiki Zaka. Mwenye Zaka yake mtaani kwetu anaweza kumpa maskini huyu alipe deni lake la chakula, na kwa tendo hilo moja akawa ameinua nyumba mbili: ya mdaiwa na ya mdai.

Wa tatu ni aliyekufa. Daftari la duka la zamani halikosi majina ya marehemu. Aya za mirathi katika Suratun Nisaa, ya 11 na ya 12, zimerudia zaidi ya mara moja kwamba urithi hugawiwa baada ya wasia na deni. Warithi wanaogawana shamba na bati huku deni la baba yao la dukani limeachwa, wanagawana kisichokuwa chao. Waende wakaulize. Pengine ni shilingi 15,000 tu zinazomzuia baba yao.

Kutoka kukopa hadi kutanguliza

Tukishalipa, tutakuwa tumerudisha haki. Bado hatujasaidia. Msaada unaanza pale tunapotoa tusichodaiwa. Na hapa sheria yetu ina hazina ambayo tunaifundisha madarasani na kuiacha huko huko. Nayo ni biashara ya salam.

Ibn Abbas (r.a.) amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda kabla ya mwaka mmoja au miwili. Hakuwakataza. Aliwawekea masharti: kipimo kijulikane, uzani ujulikane, na muda ujulikane. Hii ni biashara ambayo mnunuzi hutoa fedha leo na kupokea mali baadaye. Mwenye mali anapata mtaji bila riba, na mnunuzi anaweza kupata bei nafuu kwa kuwa ametanguliza fedha.

Sasa tazama inavyoweza kuligeuza duka la mtaani. Leo yeye anatupa unga, sisi tunalipa mwezi ujao tukipenda. Tukigeuza, kaya 20 zinatoa shilingi 50,000 kila moja mwanzoni mwa mwezi. Hiyo ni shilingi 1,000,000 taslimu. Kwa fedha hiyo mama anakwenda kununua kwa jumla bila kumpigia magoti mkopeshaji, na kila kaya inapokea mchele wake kwa tarehe iliyoandikwa. Hakuna riba, hakuna sadaka, wala hakuna anayedhalilika.

Masharti yazingatiwe, maana bila hayo inageuka ugomvi. Fedha yote itolewe pale pale wakati wa kuafikiana, isiwe nusu leo nusu kesho. Bidhaa itajwe aina yake na ubora wake. Kilo zitajwe. Tarehe itajwe. Ikitokea mama ameshindwa kuipata bidhaa hiyo, mnunuzi asubiri au arudishiwe fedha yake kamili, bila kudai nyongeza, kwani nyongeza hiyo itakuwa ni riba ile ile tuliyoikimbia.

Ipo na njia ya halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 2023 ukarejeshwa mwaka 2024. Wanawake wenye biashara ndogo wajikusanye, waandikishe kikundi, waombe. Ni haki yao, na sisi wenye elimu ya kujaza fomu tuwasaidie badala ya kuwahubiria tu juu ya ubaya wa kausha damu.

Wajibu wa mwenye duka

Nisiposema na upande wa pili nitakuwa nimepima kwa mizani moja. Duka la familia nalo lina magonjwa yake.

Mosi, daftari. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'an, inahusu kuandika deni, na imetuonya tusichoke kuliandika liwe dogo au kubwa. Kuna wanaoandika "Mama Zuhura 4,000" bila tarehe wala bidhaa, na Mama Zuhura mtaani wako watatu. Aandike jina kamili, tarehe, bidhaa, kiasi na siku ya kulipa, na mkopaji aone kinachoandikwa. Wakati wa utawala wa Mwingereza, Tanganyika ilikuwa na sheria ya kubana mikopo ya wafanyabiashara kwa wenyeji, kana kwamba Mwafrika si mtu wa kukopesheka. Uislamu haukuzuia mkopo. Umesema uandikwe.

Pili, bei. Ameruhusiwa kwa kauli ya wanazuoni walio wengi kuuza kwa mkopo kwa bei ya juu kidogo kuliko ya taslimu, ilimradi bei moja iafikiwe pale pale mwanzoni. Asichoruhusiwa ni kuongeza baada ya mtu kuchelewa. Hiyo ni riba, hata kama ni shilingi 200 juu ya kilo ya sukari.

Tatu, mizani. Mwanzo wa Suratul Mutaffifin unatosha. Duka linalopunja kibaba halistahili kuokolewa na mtu yeyote.

Nne, mkono wa nyumbani. Familia nyingi hulila duka lao wenyewe. Mtoto anachukua soda, mjomba anachukua sigara, chakula cha usiku kinatoka rafuni, na hakuna kinachoandikwa. Mwenye duka na ajiandikie na yeye katika daftari lile lile, ili mwisho wa mwezi ajue amekula faida au amekata mtaji.

Kwa nini lisife?

Atauliza mtu: kwani lazima? Likifungwa hili litafunguliwa jingine. Historia yetu inajibu.

Mwaka 1976 serikali iliendesha Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yalitakiwa yaondoke, nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji vya ujamaa. Nia ilikuwa kuondoa unyonyaji. Lakini maduka mengi yalifungwa kabla ya mengine kuwa tayari, bidhaa zikaadimika, na operesheni yenyewe ikasitishwa mwaka huo huo. Kulifunga duka ni kazi ya siku moja. Kulijenga, pamoja na kuaminiana na wauzaji wa jumla na kuwajua wateja kwa majina, ni kazi ya miaka.

Wala tusidhani wakubwa watakuja kutushikilia. Shoprite ya Afrika Kusini iliondoka Tanzania mwaka 2014 na nafasi yake ikachukuliwa na Nakumatt ya Kenya. Uchumi, nayo ya Kenya, ilifunga maduka yake ya hapa mwaka 2015. Nakumatt, ambayo yenyewe ilianza kama biashara ya familia moja mjini Nakuru, ilizama katika madeni ya mabilioni, na mwaka 2020 wadai wake wakaamua ifungwe. Ni maradhi yale yale kwa upande mwingine: hapo duka ndilo lililokuwa haliwalipi waliolipa mali. Deni lisilolipwa linaua kibanda na linaua jumba.

Na Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15, ikiwemo ya rejareja. Wengi tulishangilia. Lakini amri ya serikali inaweza kumwondoa mgeni mlangoni, haiwezi kumlipa mjane deni letu.

Duka likiwa hai, kheri yake hurudi kwa mji. Mfano upo hapa hapa pwani. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara Mwismailia wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, alitumia mali yake kwa shule na hospitali pale Bagamoyo, na fedha zake zilijenga hospitali Dar es Salaam ambayo ni mzizi wa Muhimbili ya leo. Jengo la Sewahaji bado linabeba jina lake. Si kila mwenye duka atajenga hospitali. Lakini ni duka gani la mtaa lisilowahi kutoa sukari ya msibani usiku wa manane, bila kuuliza italipwa na nani?

Basi tusianze kwa kapu. Anayeguswa na jambo hili aende dukani wiki hii kabla ya Ijumaa, aombe daftari, atafute jina lake na majina ya wazazi wake. Akiliona, alipe au aseme atalipa lini. Asipoliona, amshukuru Allah, kisha atangulize shilingi alizo nazo kwa mchele wa mwezi ujao. Na ambaye atamkuta jirani maskini katika ukurasa huo huo, na Allah amemkunjulia, ajue kwamba mlango wa Abu Qatada (r.a.) haujafungwa.

Wabillahi tawfiq.